Kununua trekta kuukuu la bustani na kulitafutia vipuri: mwongozo kamili

Trekta la bustani la miaka ya 1960 au 1970 likipata matunzo linalima, linavuta tela na kukata nyasi hadi leo, na ndiyo maana watu bado wanayatafuta. Ugumu wake hauko kwenye kulitengeneza. Injini mara nyingi ina silinda moja, hewa ndiyo inayoipoza, na mtu mwenye seti ya spana na subira anaweza kuifungua yote juu ya meza. Ugumu uko kwenye vipuri. Kwa hiyo ushauri wangu ni mmoja, na mengine yote humu yanatokana nao: chunguza vipuri kabla ya kulichunguza trekta lenyewe.

Vipuri vya trekta la namna hii viko vya aina mbili. Kuna vile ambavyo kiwanda kilivinunua kwa wengine: beringi, sili za oili, mikanda, plagi, matairi, betri, bolti. Hivyo vina namba na vipimo vinavyojulikana dunia nzima, na vitaendelea kupatikana hata jina la trekta likisahaulika. Halafu kuna vile ambavyo kiwanda kilivisubu au kuvikunja chenyewe kwa ajili ya modeli ile: kasha la giaboksi, gia zake, boksi la usukani, ekseli ya mbele, boneti, vishikio vya kufungia zana. Hivi vikivunjika, mara nyingi huna pa kwenda ila kwenye trekta jingine lililokufa. Ukilitazama trekta kwa macho hayo, tairi lililopasuka halitakutisha, lakini ufa mdogo kwenye kasha la giaboksi utakurudisha nyumbani na pesa zako.

Hatua ya kwanza: hakikisha ni trekta la bustani kweli

Wauzaji wengi huita kila kitu chenye usukani na magurudumu manne "trekta". Mashine nyepesi ya kukatia nyasi ina fremu ya bati lililokunjwa na giaboksi ndogo ya alumini ambayo mara nyingi haikukusudiwa kufunguliwa. Trekta la bustani lilijengwa kuvuta plau. Litazame kwa nyuma na chini: kasha la giaboksi liwe la chuma cha kusubu, rimu za nyuma kwa kawaida ziwe za inchi 12, fremu iwe ya chuma kinene, na pawe na mahali pa kufungia zana inayogusa udongo. Tairi la nyuma lililoandikwa 23x8.50-12 lina kimo cha inchi 23, upana wa inchi 8.5 na rimu ya inchi 12. Saizi hiyo ni ya kawaida sana na bado inatengenezwa.

Hatua ya pili: chagua jina kwa wingi wa vipuri

Rangi inavutia, lakini wingi wa vipuri ndio utakaokuweka barabarani. Majina manne yanastahili kuangaliwa kwanza, yote ya Marekani.

Cub Cadet ilitoka mwaka 1961 kwa International Harvester. Modeli ya kwanza kabisa iliendeshwa kwa mkanda, lakini zilizofuata kuanzia 1963 zina shafti inayotoka kwenye injini moja kwa moja hadi giaboksi, hivyo hakuna mkanda wa kuendeshea wa kuteleza. Giaboksi yake ni nzito kupita kiasi kwa trekta la ukubwa huu, na hilo ni jambo jema. Mwaka 1981 biashara hiyo ilihamia kampuni ya MTD, na vipuri kadhaa vya zamani bado vinauzwa vikiwa na namba zinazoanza na IH.

John Deere ilianza na modeli 110 mwaka 1963. Zile za 1963 hadi 1967 zina mabawa ya mviringo juu ya magurudumu ya nyuma, na kuanzia 1968 yakawa ya pembe. Usidhani tofauti hiyo ni ya sura tu. Ukimwambia muuza vipuri "110" bila kusema ni ipi, utaletewa kitu kisichoingia.

Wheel Horse, ambayo Toro iliinunua mwaka 1986, ndiyo ninayompendekezea mtu anayeanza. Ni nyepesi kufungua, giaboksi zake ni imara, na Toro imeviweka vitabu vyake vya zamani kwenye mtandao bila malipo. Hilo la mwisho peke yake lina thamani ya kipuri kikubwa.

Simplicity, pamoja na Allis-Chalmers ndogo kama B-1 ambazo Simplicity ndiyo iliyozitengeneza, nazo hazina shida kubwa. Hapa kuna faida iliyojificha: trekta lenye jina usilolijua linaweza kuwa pacha wa lile lenye vipuri tele, rangi tu ikiwa tofauti.

Baada ya jina la trekta, tazama jina la injini. Kohler za mfululizo wa K ndizo rahisi kuzihudumia, kwa sababu zilifungwa kwenye matrekta ya kampuni nyingi na vipuri vyake bado vinatengenezwa na viwanda vingine pia. Namba yake inajieleza: K301 ina karibu inchi za ujazo 30 na silinda 1, K482 ina karibu 48 na silinda 2. K241 ni ya nguvu farasi 10, K301 ni 12, K321 ni 14 na K341 ni 16. Briggs & Stratton za chuma cha kusubu ni nzuri vilevile. Tecumseh ilishaacha kutengeneza injini, kwa hiyo utategemea mabaki. Onan za silinda mbili, kama ile ya John Deere 318, zinanguruma kwa utamu usio na mfano, lakini vipuri vyake ni ghali na vinazidi kuadimika. Nunua yenye Onan ikiwa tu injini ni nzima na umeisikia ikifanya kazi.

Kabla hujaenda kuliona trekta, fanya zoezi hili nyumbani: chukua modeli hiyo, tafuta kitabu chake cha vipuri, kisha jaribu kutafuta bei ya vitu vitano: seti ya gasketi, konrodi (mkono unaounganisha pistoni na shafti ya injini), diski ya klachi au mkanda wa kuendeshea, sili za ekseli ya nyuma, na kipuri kimoja cha usukani. Ukivipata vyote kwa muuzaji zaidi ya mmoja, nenda. Ukikosa vitatu, tafuta trekta jingine.

Hatua ya tatu: kulikagua

Mwombe muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Ukifika, weka kiganja kwenye silinda. Ikiwa ina joto, amekwisha kuliwasha ili lisikusumbue mbele yako, na hutajua linavyowaka likiwa baridi.

Anza na vile visivyopatikana. Lala chini na tochi, futa grisi kwa kitambaa, fuata kingo za kasha la giaboksi, hasa kuzunguka bolti zinazolifunga kwenye fremu. Ufa hujitokeza kama mstari mwembamba wa oili unaorudi dakika chache baada ya kufutwa. Angalia pia mahali palipochomelewa. Chuma cha kusubu kilichochomelewa vibaya hupasuka tena kando ya kovu.

Fungua kifuniko cha oili ya giaboksi. Oili nyeupe kama maziwa ina maji. Kwenye Wheel Horse maji mara nyingi huingia kupitia mpira wa wenzo wa gia uliochanika, na yakikaa humo miaka mingi hula beringi. Zamisha sumaku ndogo iliyofungwa kwa waya: uji laini wa kijivu ni uchakavu wa kawaida, vipande unavyoweza kuvihesabu ni meno ya gia.

Kisha shika gurudumu la nyuma juu na chini, ulitikise kwa nguvu huku jicho likiwa kwenye habu. Habu ikicheza juu ya ekseli, mfereji wa ile kii inayoifunga umekwisha kuliwa. Wheel Horse zinajulikana kwa hili pale bolti ya kubana habu inapoachwa bila kukazwa. Ekseli iliyoliwa ni kazi ya mkerezaji, na habu iliyoshika kutu haitoki kwa nyundo. Ina kivutio chake maalumu.

Usukani: geuza kushoto na kulia, uone unazunguka kiasi gani kabla magurudumu hayajaanza kufuata. Ncha za fimbo za usukani zinabadilishwa kwa bei ndogo. Boksi lenyewe likiwa limekwisha ndiyo shida.

Kwenye injini, toa plagi, shika flaiwili (gurudumu zito la injini) au puli, ipandishe na kuishusha. Isicheze hata kidogo. Halafu izungushe huku na huku kidogo kidogo, mbele na nyuma. Ukisikia mgongano mwepesi wa chuma kila unapogeuza upande, konrodi imelegea. Usimwamini mtu anayekuonyesha geji ya kompresheni kwenye Kohler ya K yenye kifaa cha kupunguza mgandamizo wakati wa kuwasha: geji itasoma chini hata kama injini ni nzima, kwa sababu valvu ya moshi huachwa wazi kidogo ikizunguka polepole. Kipimo sahihi ni cha kuingiza hewa kwenye silinda na kuona inatorokea wapi. Ikisikika kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Kwenye kabureta, ni ya kuingizia. Kwenye bomba la kupumulia la tumbo la injini, ni ringi.

Likiwaka, acha lichemke dakika ishirini. Moshi wa buluu usiokoma ni oili inayoungua. Mweusi ni petroli nyingi, na huo hurekebishwa kwenye kabureta. Kama trekta ni la haidrostatiki, yaani linaendeshwa kwa mgandamizo wa oili bila gia za kubadilisha, muda huo ni wa lazima. Pampu iliyochoka huvuta vizuri ikiwa baridi, ikipata moto inakataa mlima. Lipandishe mteremko baada ya kuchemka, si kabla. Na usilivute trekta la haidrostatiki kwa kamba bila kufungua valvu zake za kuachia, utaiua pampu njiani.

Injini iliyoganda isikufukuze, ila ilipiwe kama injini iliyokufa. Mimina dizeli au oili nyepesi kwenye tundu la plagi, acha siku kadhaa, kisha sukuma flaiwili kwa mkono tu. Konrodi za Kohler K ni za alumini, na anayefunga bomba refu kwenye spana ili kulazimisha ataivunja.

Mwisho, uliza zana. Plau, jembe la kuzunguka, kifaa cha kukatia nyasi na vishikio vyake mara nyingi ni adimu kuliko trekta lenyewe. Trekta baya kidogo lenye zana zake zote ni bora kuliko zuri lililo uchi. Kwenye kifaa cha kukatia nyasi, gonga bati kwa bisibisi: likitoboka, bei ishuke. Beringi za visu zikipiga kelele si neno, utaona sasa hivi kwa nini.

Hatua ya nne: soma namba kabla ya kuagiza

Piga picha kila kibati chenye namba, cha trekta na cha injini, kisha zinakili. Injini nyingi zilishabadilishwa, kwa hiyo agiza vipuri vya injini kwa namba ya injini, kamwe si kwa modeli ya trekta. Kwenye Briggs & Stratton kuna namba tatu: modeli, aina na kodi (code). Tarakimu sita za kwanza za kodi ni mwaka, mwezi na siku: 71081703 ilitengenezwa tarehe 17 Agosti 1971.

Kitabu cha vipuri, kile chenye michoro ya trekta lililotawanywa kipande kipande, kipate kabla ya kitu kingine chochote. Namba iliyomo inaweza kuwa ya zamani; muuzaji mzuri ataiingiza na kuona namba mpya iliyochukua nafasi yake. Za John Deere kwa matrekta haya mara nyingi huanza na M au AM. Ukiambiwa "haipo tena", hiyo haimaanishi kipuri hakipo duniani. Maana yake ni kwamba kampuni hiyo haikiuzi.

Hapo ndipo unapokigeukia kipuri chenyewe. Beringi imechongwa namba yake kwenye ukingo. Mathalani 6204: ndani milimita 20, nje 47, unene 14. 6205 ni 25, 52 na 15. Kuanzia 04, tarakimu mbili za mwisho ukizizidisha kwa tano unapata kipenyo cha ndani. Herufi 2RS ni mpira pande zote mbili, ZZ ni bati. Tahadhari moja: kwenye visu vya kukatia nyasi kuna beringi zenye umbo la 6203 ambazo tundu lake si la milimita 17 bali la inchi 5/8. Pima shafti kwa kalipa (kifaa cha kupimia vipenyo) kabla hujalipa. Sili za oili nazo ni vipimo vitatu tu: ndani, nje, unene. Ikiwa namba imefutika, vipimo hivyo vinatosha kwa duka lolote la beringi.

Mikanda inahitaji uangalifu zaidi. Mkanda wa upana wa nusu inchi ulioandikwa A46 una urefu wa ndani wa inchi 46, na ule ulioandikwa 4L480 una urefu wa nje wa inchi 48, kwa hiyo vinalingana kwa urefu. Kwa kuzungusha feni vyote viwili vinafaa. Lakini mkanda unaofanya kazi ya klachi, yaani unaolegezwa na kukazwa kila unapokanyaga pedali, lazima uwe na nyuzi za aramidi (nyuzi imara za kiwandani) na kitambaa cha nje kinachokubali kuteleza. Ukifunga wa kawaida, trekta litaruka mbele kabla hujaachia pedali yote, na mkanda utaungua mapema.

Bolti za matrekta haya ni za inchi. Bolti ya 5/16 na ya milimita 8 zinakaribiana kiasi cha kudanganya jicho: nati ya moja huingia kwenye nyingine raundi moja au mbili, kisha inakaza. Hapo watu wengi huongeza nguvu. Simama, itoe kwa mkono, linganisha nyuzi. Nyuzi zikifutika ndani ya chuma cha kusubu, umejitafutia kazi ya siku nzima kwa ajili ya bolti moja.

Hatua ya tano: huduma ya kwanza

Hata kama linawaka vizuri, lichukue kama halijawahi kuhudumiwa. Mwaga oili ya injini ikiwa ya moto na uweke mpya. SAE 30 ndiyo ya kawaida kwa Kohler K katika hali ya hewa isiyo ya barafu, na hubadilishwa kila saa 25 za kazi. Kohler K za silinda moja hazina pampu ya oili. Kuna kijiko chini ya konrodi kinachoirusha oili kila kinapozama, basi. Oili ikipungua, au ukikata nyasi kwa muda mrefu kwenye mteremko mkali, kijiko kinapiga hewa na konrodi inakauka. Angalia kipimo cha oili kila unapoliwasha, bila kuacha.

Giaboksi ipewe oili ile ile iliyotajwa na kitabu. Cub Cadet, kwa mfano, inataka Hy-Tran, oili iliyotokana na International Harvester yenyewe, na usiichanganye na nyingine kwa kubahatisha.

Mpira wa petroli ubadilishe wote, hata kama unaonekana mzima. Petroli yenye ethanoli hulainisha mpira wa zamani, na vijipande vyake huziba kabureta. Kabureta ifunguliwe, isafishwe, ifungwe na seti mpya ya gasketi na sindano. Usiitupe ile ya asili ili ununue mpya ya bei nafuu. Ya asili ina skrubu za kurekebisha mchanganyiko, na ikikerezwa bushi ya shafti inakaa miaka mingine mingi.

Umeme wa plagi kwenye Kohler K unatokana na pointi (swichi ndogo inayokata umeme ili cheche itoke) zilizo nje ya injini, chini ya kifuniko kidogo, huhitaji kutoa flaiwili. Nafasi yake ni inchi 0.020, karibu nusu milimita, kwa fila geji (vibati vya kupimia nafasi). Kisha muda wa cheche uhakikishwe kwa alama iliyo kwenye flaiwili. Ukikuta pointi zimelowa oili, kijiti kinachozisukuma au tundu lake limechakaa, na kusafisha pointi tu hakutakusaidia zaidi ya wiki chache.

Cub Cadet nyingi na Wheel Horse kadhaa zina stata na jenereta ndani ya chombo kimoja kinachozungushwa kwa mkanda. Brashi zake zinapatikana, na duka lolote la kufunga mota linakifahamu. Usikubali kukibadilisha kabla brashi na beringi hazijajaribiwa.

Vumbi la breki na klachi za zamani usilipulize kwa hewa. Linaweza kuwa na asibesto. Lilowanishe, lifute, ukiwa umevaa barakoa. Na kabla mkono haujakaribia visu au PTO (sehemu ya injini inayozungusha zana), toa waya wa plagi. Mengi ya matrekta haya hayana swichi ya kitini inayozima injini ukishuka.

Hatua ya sita: mahali pa kupata vile visivyotengenezwa tena

Maduka ya matrekta ya kampuni husika yaulize kwanza, kwa namba. Baadhi yana vipuri vya zamani vilivyolala kwenye rafu tangu siku zile, ndani ya maboksi yake. Wanaobomoa matrekta na kuuza vipande ndio wa pili. Wao waombe picha ya kipuri kikiwa na kalipa juu yake. Kwa kitu kama bushi, pini ya ekseli ya mbele au kipande cha wenzo, mkerezaji wa mtaani atakutengenezea kilicho bora kuliko cha asili, mradi umpelekee kile kilichokwisha pamoja na kile kinachoingia ndani yake, apime vyote viwili.

Ukifungua injini ya Kohler ya kati ya nguvu farasi 10 na 16, unaweza kukuta ndani gia mbili za kupunguza mtikisiko. Mafundi wengi huzitoa na kutozirudisha, kwa kuwa beringi zake zikifa gia hupasua tumbo la injini. Nakubaliana nao. Pistoni za kuzidi kipimo zipo za inchi 0.010, 0.020 na 0.030, hivyo silinda inaweza kukerezwa zaidi ya mara moja. Pima kwanza, agiza pistoni, ndipo upeleke silinda kwa mkerezaji ikiwa na pistoni yenyewe mkononi.

Ukipata nafasi ya kununua trekta la pili la modeli ile ile, lililokufa, linunue mapema. Ondoa giaboksi, boksi la usukani, ekseli ya mbele, boneti, flaiwili na vishikio vyote vya zana. Paka oili kwenye vyuma vilivyo wazi, rudisha kila bolti kwenye tundu lake, funga kibati chenye namba ya kipuri kutoka kwenye kitabu, na uhifadhi mahali pakavu. Fremu na bati lililooza vipeleke kwa wanunuzi wa chuma chakavu.